Gesi asilia: Je, hewa ya Kisumu yaweza kuivukiza?

Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua takribani mara 600. Ndipo huweza kubebwa kwa lori la tangi hadi pasipo na bomba. Kisumu ni mahali pa namna hiyo: bomba lililofika huko mwaka 1994 ni la mafuta, nao mradi wa bomba la gesi ambao Kenya na Tanzania ziliafikiana Mei 2021 unalenga Mombasa. Mitambo ya umeme ya megawati 60 iliyohamishiwa Muhoroni mwaka 2016 ilitegemea mafuta, na gharama yake humwangukia mteja katika bili.

Kabla ya kutumiwa, kimiminika hicho sharti kivukizwe. Yaweza kutumika joto la maji, au sehemu ya gesi yenyewe ichomwe, jambo linalopoteza kama asilimia 1.5 hivi. Njia ya tatu ni kukipitisha katika mabomba ya alumini yenye mapezi, yaliyosimamishwa uwanjani, ili joto la hewa lifanye kazi bila malipo. Hospitali nyingi huvukiza oksijeni hivyo hivyo.

Maji ya ziwa yangeonekana chaguo la wazi. Lakini Ghuba ya Winam ina kina kifupi, na magugumaji yaliyoivamia tangu miaka ya 1990 huziba pampu. Isitoshe, maji yaliyopozwa yangerudi kwenye mazalia ya samaki.

Hewa, basi, ina nafasi nzuri zaidi. Kisumu haina majira ya baridi kali. Mchana joto hukaribia nyuzi 30. Hata hivyo mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo mtambo uliopimwa Pwani utavukiza kidogo zaidi huku. Tatizo kubwa ni unyevu. Huganda juu ya mapezi ukawa jalidi, na jalidi huzuia joto kama blanketi. Huwekwa safu mbili, moja ikifanya kazi huku nyingine ikiyeyuka, na kwa hiyo ardhi inayohitajika huongezeka. Tena hewa baridi inayoshuka huzua ukungu, usiofaa kando ya barabara.

Wastani wa mwaka hautoshi kukadiria haya. Saa ya kupimia ni alfajiri ya Aprili, wakati wa masika, joto likiwa chini na unyevu ukikaribia kikomo. Gesi ikitoka baridi mno saa hiyo, bomba la chuma cha kawaida lililo mbele yake laweza kupasuka, ndiyo maana vali ya kujifunga yenyewe huwekwa hapo kwanza.