Makipa Wanastahili Daftari Lao

Mwaka 1981, Kenya ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Tanzania bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA. Mwaka uliofuata, mjini Kampala, ilitoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha ikashinda kwa penalti 5-3. Mwaka 1983, jijini Nairobi, Zimbabwe nayo ikalala 1-0. Kocha alikuwa Marshall Mulwa. Kipa wa enzi hizo alikuwa mwana wa Pwani, Mahmoud Abbas wa AFC Leopards, ambaye mashabiki walimwita Kenya One.

Yatazameni matokeo hayo vizuri. Fainali tatu, mabao matatu tu ya kufunga kabla ya penalti, na bao moja tu la kufungwa. Timu haibebi vikombe vitatu mfululizo kwa mabao machache hivyo isipokuwa nyuma pamekazwa. Lakini kipa akidaka mipira mia hakuna anayehesabu. Akipitwa na mmoja, jina lake linatajwa soko zima.

Wamarekani wenzetu wanaocheza besiboli waliliona hili mapema. Mrushaji anayemaliza mchezo mzima bila wapinzani kupata hata alama moja huandikiwa mchezo huo kwa jina lake, na kila msimu hujulikana nani kaongoza ligi. George Bradley wa St. Louis alifikisha michezo 16 mwaka 1876. Grover Cleveland Alexander wa Philadelphia akaifikia idadi hiyo mwaka 1916. Walter Johnson wa Washington, aliyecheza kuanzia 1907 hadi 1927, alimaliza na 110, na hadi leo hajafikiwa. Mwaka 1968 Bob Gibson alipata 13, na msimu uliofuata kilima cha kurushia kikapunguzwa kutoka inchi 15 hadi 10, maana warushaji walikuwa wamewazidi nguvu wapigaji. Siku hizi mrushaji hupumzishwa mapema kulinda mkono wake, na anayeongoza ligi huweza kuwa na michezo miwili, hata mmoja.

Nasi Kwale tuna makipa wa kuandikiwa. Kuanzia uwanja wa maonyesho wa Ukunda hadi Msambweni na Lungalunga, vijana hujitupa juu ya ardhi ya mchanga na changarawe, na msimu wa kusi upepo wa bahari huupindisha mpira wa juu ukiwa tayari unashuka mikononi. Hiyo ni kazi ngumu, na wanaifanya bila glavu za maana.

Karatasi ya mechi tayari ina wafungaji na kadi. Iongezwe safu ya kipa na mechi alizomaliza bila kufungwa, na zawadi ya kipa bora itolewe kwa hesabu hiyo, si kwa makisio ya meza kuu.