Mpande (kombe la koni)

Mpande ni kisahani cheupe kinachokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini wa jenasi Conus, yaani koni. Kabla ya ukoloni kilikuwa kidani cha wakubwa huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo ya sasa, nchi iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote.

Makombe makubwa ndiyo yaliyofaa kazi hii, likiwemo la Conus leopardus, koni chui, anayeishi kwenye mchanga na matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Gamba lake ni jeupe, lina umbo la pia na safu za madoa meusi, na huweza kufikia sentimita 22. Koni wote ni wawindaji: hudunga mawindo kwa jino lenye uwazi ndani, chusa hasa, linalopitisha sumu. Koni chui hula mnyoo laini aliyejifukia mchangani.

Fundi hukata ule upande mpana wa gamba, husugua kingo jiweni, kisha hutoboa kitundu cha uzi. Ukikigeuza kisahani unaona mstari unaojizungusha hadi katikati. Gamba zima hutoa mpande moja tu.

Bei yake inatisha kuisoma leo. Januari 1854 David Livingstone alikuwa kwa Shinte, chifu wa Walunda katika kaskazini-magharibi ya Zambia ya sasa. Aliandika kwamba makombe mawili yalinunua mtumwa, na matano yalitosha kwa pembe ya ndovu ya thamani ya pauni 10. Shinte mwenyewe aliingia katika hema lake finyu akamvika kombe shingoni, ithibati ya urafiki.

Katanga kwenyewe, kombe hilo lilibeba utawala. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Katanga, mwaka 1886, alisimulia kwamba chifu mzee wa Wasanga alimkabidhi Msiri kombe aliloliita omande, na pamoja nalo madaraka. Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa Mnyamwezi, na kwao nako visahani hivi vilikuwa alama ya uchifu. Hakuhitaji kufundishwa maana yake.

Wafanyabiashara wa Ulaya walileta viigizo vya kaure, na reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kitu kilichokuwa adimu kwa sababu ya safari ya miguu kikapoteza nguvu sokoni.

Sumu ya jamaa za koni chui ina habari nyingine. Kutokana na Conus magus ilipatikana zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Conus geographus, mla samaki anayepatikana pia pwani ya Afrika Mashariki, ameshaua watu, na hakuna dawa ya kuipinga sumu yake. Kwa hiyo mgeni kutoka Lubumbashi atakayetembea ufukweni Dar es Salaam au Mombasa asiokote koni kwa mkono, hata akidhani gamba ni tupu.