Piza Iliyoungua: Kuufuata Mtaa wa Wooster

Ukitaka kuwagombanisha watu wa New Haven, mji wa bandari katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, waulize piza bora inaokwa wapi. Wa kwanza atakutajia Pepe, nambari 157 Mtaa wa Wooster. Wa pili atamkata kauli: songa mbele hatua chache mpaka nambari 237, kwa Sally's. Wa tatu atawaacha wote wawili aende zake Modern, Mtaa wa State, akidai kwamba Wooster siku hizi imekuwa ya wageni. Na mgeni mwenyewe, aliyesafiri mchana kutwa kuja kuonja, huenda akaondoka ananung'unika: piza imeungua, jibini haitoshi, foleni ndefu, mhudumu hana tabasamu.

Nimeyasikiliza sana maneno hayo, ya sifa na ya lawama, maana yote husemwa kwa sauti kubwa na mara nyingi kwenye meza moja. Kadiri nilivyoisoma historia ya mtaa ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kila lawama ina mwaka wake na chanzo chake. Anayelalamikia weusi wa ukingo wa piza analalamikia tanuri la mkate. Anayelalamikia jibini analalamikia umaskini wa watu wa pwani ya Italia. Kwa hiyo njia hii inafaa kuifuata kwa miguu, tukianzia penye asili yake, na asili yake si mgahawa. Ni kiwanda cha kufuli.

Kilikuwa Mtaa wa Water, karibu na bahari. Joseph Sargent alikihamishia kiwanda chake New Haven mwaka 1864, akitengeneza kufuli, vitasa, bawaba na vyuma vingine vya nyumba. Kazi ilihitaji mikono mingi, na kuanzia miaka ya 1870 na 1880 mikono hiyo ikazidi kuwa ya Waitaliano wa kusini. Baadaye Sargent akawa meya wa mji. Ukisimama leo pale kiwanda kilipokuwa, unachosikia ni magari tu, kwa kuwa barabara kuu zimelimeza eneo lote, na kampuni yenyewe ilihamia sehemu nyingine ya mji katika miaka ya 1960.

Wafanyakazi wale hawakutoka Italia nzima. Wengi walitoka katika miji midogo iliyong'ang'ania majabali kusini mwa Napoli: Amalfi, Atrani, Minori, Maiori. Kaka alimwita kaka, shangazi akamwita mpwa, mpaka kilima kizima kikawa kimehamia upande huu wa Atlantiki. Walipanga katika nyumba zilizokizunguka kiwanja cha Wooster, ambazo awali zilijengwa na manahodha na wafanyabiashara matajiri. Matajiri walipoondoka, kila nyumba iligawanywa vyumba, na kila chumba kikajaa familia. Parokia ya Mtakatifu Mikaeli ilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili yao. Mwaka 1900 watu wa Amalfi waliunda chama cha Mtakatifu Andrea, msimamizi wa mji wao wa asili, na sikukuu yake bado huadhimishwa mtaani.

Hapo ndipo anapoingia Frank Pepe. Alizaliwa Maiori mwaka 1893, akafika Marekani mwaka 1909 akiwa kijana wa miaka 16, hajui kusoma wala kuandika. Alifanya kazi kiwandani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alirudi kuipigania Italia, na vilipokwisha alimwoa Filomena Volpi, akarejea naye New Haven. Akaajiriwa kwa mtengeneza makaroni, kisha kwa mwoka mikate. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kuoka vipande bapa vya unga uliokandwa, akavipaka nyanya, akavibeba kichwani na kuvitembeza sokoni. Mwaka 1925 alifungua duka lake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla yake, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyowafungia mlango karibu Waitaliano wote waliotaka kuingia, baada ya takriban milioni nne kuwasili tangu 1880. Ina maana kwamba duka la Pepe lilifunguliwa kwa jamii ambayo haikutarajia tena wageni kutoka kwao. Waliokuwapo ndio waliokuwapo. Nadhani hilo ndilo lililowafanya washikilie chakula chao kwa nguvu namna ile.

Sasa turudi kwenye lawama ya kwanza, ile ya kuungua. Tanuri lililotumika lilikuwa la mwoka mikate: pango kubwa la matofali lenye kina kirefu, linalochochewa kwa koki na baadaye makaa ya mawe, joto lake likipita nyuzi 300 za Selsiasi. Mwokaji husukuma piza ndani kwa ubao wenye mpini mrefu kuliko urefu wake mwenyewe. Moto wa makaa ya mawe hauna unyevu wa kuni, na sakafu ya matofali hushika joto kwa saa nyingi, kwa hiyo unga hukamatwa ghafla: nje unakauka na kupata mabaka meusi, ndani unabaki laini wa kutafunika. Ni kama ukoko wa wali. Wapo wanaougombania kwenye sufuria na wapo wanaoukwangua na kuutupa. Mimi niko na wanaougombania. Anayeipeleka piza ya Wooster jikoni ikarekebishwe anaomba kitu ambacho tanuri lile haliwezi kumpa, na hata umbo lake la kupindapinda, lisilo duara wala yai, linatokana na kutupwa haraka juu ya matofali ya moto. Huletwa mezani juu ya sinia la bati lililotandikwa karatasi. Sahani haziwasumbui.

Kuhusu jibini, piza ya mwanzo ilikuwa ya nyanya, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, majani makavu ya oregano na jibini kavu iliyokunwa, ikinyunyizwa kidogo kama chumvi. Nyingine ilitiwa dagaa wa chumvi. Mozzarella ilihesabiwa nyongeza, na mpaka leo anayeitaka katika nyumba za jadi za New Haven inambidi aitaje. Mlaji wa piza hiyo ya mwanzo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufuli aliyetafuta cha kushibisha watoto kwa senti chache. Mozzarella ilikuwa ghali, nyanya ilikuwa rahisi. Mteja wa leo aliyezoea piza iliyofunikwa jibini mpaka inavutika huona amepunjwa. Ladha yake naielewa. Lakini hajapunjwa. Amepewa chakula chenyewe.

Ile maarufu kuliko zote, yenye nyama ya kombe, si ya mwaka 1925 kama wengi wanavyodhani. Pepe alikuwa akiwauzia wateja kombe wabichi waliofunguliwa gamba, kitafunio cha kuanzia mlo. Ni wale viumbe wa magamba mawili wanaochimbuliwa mchangani maji yakipwa, na pwani ya Connecticut na Rhode Island imejaa. Katika miaka ya 1960 wakaanza kutiwa juu ya piza isiyo na nyanya, pamoja na kitunguu saumu, mafuta na jibini iliyokunwa. Nikiangalia historia hii naona Amalfi imekutana na bahari mpya. Mwaka 2013 tovuti moja ya chakula iliitaja kuwa piza namba moja Marekani, na tangu hapo anayeionja hukaa mezani kama hakimu. Hapo maoni hugawanyika vibaya kuliko penginepo. Mmoja anasikia bahari, mwenzake anasikia mchanga na kitunguu saumu kilichozidi.

Lawama ya foleni inatupeleka kwenye familia, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu wanawake wa mtaa huu husahaulika. Frank hakujua kusoma. Filomena, mkewe, alijifunza Kiingereza na ndiye aliyeiwezesha biashara kusimama. Binti zao wawili, Elizabeth na Serafina, walikulia ndani ya mgahawa na wakauendesha baada ya baba yao, aliyefariki mwaka 1969. Baada yao wakashika wajukuu. Kulikuwa na Filomena mwingine, dada yake Frank, aliyeolewa katika ukoo wa Consiglio. Huyu ndiye aliyenunua duka la mkate la nambari 237, na mwaka 1938 mwanawe Salvatore, aliyekuwa akimfanyia kazi mjomba wake, akafungua pale nyumba ya piza iliyopewa jina lake la mkato: Sally's. Kwa hiyo ushindani mkubwa wa New Haven ni wa mjomba na mpwa, wenye mapishi ya nyumba moja. Anayeapa kwamba ladha zao ni mbingu na ardhi anasahau kwamba walijifunza kwenye tanuri moja.

Salvatore alifariki mwaka 1989. Mkewe Flora aliendelea kukaa pale, pamoja na watoto wao, mpaka alipofariki mwaka 2012. Tanuri lilikuwa moja na mikono ilikuwa ya familia, kwa hiyo piza ya mgeni ilikuwa lazima ingoje zamu yake. Wateja wa siku nyingi walikuwa na namna yao ya kupiga simu mapema na kuwekewa nafasi, na mgeni aliyesimama barabarani kwenye baridi kwa saa nzima aliwaona wakiingia mbele yake. Hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo siwezi kuwalaumu wenyeji bila kuuliza duka hili lilijengwa kwa ajili ya nani. Lilijengwa kwa ajili ya jirani, na jirani huingia nyumbani bila kubisha.

Ila jirani huyo hakai tena jirani. Ukitoka Wooster kuelekea mashariki unafika haraka kwenye kuta za barabara kuu nambari 91. Meya Richard Lee, aliyeuongoza mji kuanzia 1954 hadi 1970, alipata kutoka serikali kuu fedha nyingi za kujenga upya mji, nyingi kuliko mji wowote ukizigawa kwa idadi ya watu. Mtaa wa Oak ulibomolewa karibu wote. Wooster uliponea chupuchupu: wakazi walipinga, barabara ikasogezwa mashariki, na nyumba zilizokizunguka kiwanja zikakarabatiwa badala ya kuangushwa. Hata hivyo makazi mengi yalikwenda na tingatinga, na familia nyingi za Kiitaliano zikahamia miji jirani ya East Haven, North Haven na West Haven. Zilirudi Jumapili, na Ijumaa jioni, kula. Mgahawa ukawa ndio mtaa wenyewe, kwa kuwa mtaa uliobaki nje ulikuwa umepungua.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa Luisa DeLauro, aliyewahi kushona katika viwanda vya nguo vya mtaa huo kisha akakaa katika baraza la mji kwa zaidi ya miaka 30. Binti yake Rosa ni mbunge katika Bunge la Marekani, na mwaka 2024 alitangaza bungeni kwamba New Haven ni makao makuu ya piza ya nchi. Mwaka huohuo jimbo likaweka mabango barabarani kusema vivyo hivyo. Katika kiwanja cha Wooster, sanamu ya Christopher Columbus iliyosimama tangu 1892 iliondolewa Juni 2020, na mahali pake pakawekwa sanamu ya familia ya wahamiaji. Nimependezwa na badiliko hilo. Columbus hakuwahi kukanda unga Mtaa wa Wooster.

Inabaki lawama moja, ambayo mimi naipa uzito kuliko zote: si kama zamani. Tangu 2006 ukoo wa Pepe umefungua matawi, kwanza Fairfield, kisha miji mingine, na kila tawi hujengewa tanuri la kuigiza lile la nyumbani. Sally's iliuzwa nje ya familia mwaka 2017 na nayo ikaanza kufungua matawi. Wapo wateja wanaoapa kwamba ladha haijatikisika, na wapo wanaosema walionja tofauti tangu wiki ya kwanza. Ulimi hauwezi kuamua kesi hii peke yake. Makaa ya mawe ni yaleyale na matofali yanaweza kuigwa, lakini anayesema si kama zamani huenda anazungumzia mama aliyekuwa akikaa karibu na mlango na kumjua kwa jina, na baba yake kabla yake. Hilo haliigwi kwa matofali, na wanunuzi wa migahawa ya namna hii wangefanya vema kulikiri kabla ya kutia saini.

Mtaa wa State, nambari 874, njia yetu inaishia Modern, iliyofunguliwa mwaka 1934. Tanuri lake huwaka kwa mafuta siku hizi, jibini huwekwa kwa mkono mkunjufu zaidi, na foleni yake ina sura za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale na mafundi wa mtaani. Wenyeji wengi huja hapa wakiikwepa Wooster, na sioni sababu ya kuwabishia. Ila kwa anayefika New Haven mara ya kwanza, rai yangu ni aanzie kwa Pepe, aagize ile ya nyanya bila mozzarella, pamoja na soda ya Foxon Park inayotengenezwa East Haven tangu 1922. Ile ya kombe aiache kwa safari ya pili. Na asiombe ipunguzwe moto.