Chuo na Ukuu: Clark Kerr na Chuo Kikuu cha California, 1952–1967

1.0 Utangulizi



Neno la Kiingereza tulilolitafsiri kuwa chuo kikuu lina asili ya Kilatini, na kiini chake ni umoja: jumuiya ya walimu na wanafunzi walio kitu kimoja. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Chuo, kwa wazee wa pwani, ni kitabu. Pia ni mahali anapoketi mtoto mbele ya mwalimu wake kukisoma. Ndiyo maana msomi aliyebobea huitwa mwanachuoni. Tulipohitaji jina la taasisi mpya, tuliongeza kivumishi cha ukubwa. Hivyo basi, jina letu limebeba mambo mawili yasiyopatana kwa wepesi: ukaribu wa mwalimu na mwanafunzi, na ukuu wa taasisi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mvutano baina ya mambo hayo mawili ndio unaotupa ufunguo wa kumwelewa Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia 1958 hadi 1967.

2.0 Mpatanishi

Kerr alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Pennsylvania na kukulia shambani. Alisoma katika chuo cha Swarthmore, ambako alijiunga na Waquaker, Wakristo wanaoshikilia amani. Mwaka 1939 alipata shahada ya uzamivu katika uchumi huko Berkeley. Utaalamu wake ulikuwa mahusiano ya kazi, na alisuluhisha migogoro mingi baina ya waajiri na wafanyakazi.

Mwaka 1949 Baraza la Wadhamini wa chuo liliwataka watumishi waape kwamba wao si wakomunisti. Kerr alitia saini, lakini aliwatetea wenzake waliokataa. Mwaka 1950 wahadhiri 31 walifukuzwa kwa sababu hiyo, na mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamuru warejeshwe. Wenzake hawakuusahau msimamo wake. Mwaka huohuo wa 1952 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kampasi ya Berkeley, na miaka sita baadaye akawa rais wa kampasi zote.

3.0 Kuujenga ukuu

Kerr alishika urais wakati watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walipokuwa wakikaribia umri wa chuo. Jibu lake lilikuwa Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu, uliopitishwa kuwa sheria mwaka 1960 chini ya Gavana Pat Brown. Mpango huo uligawa majukumu. Chuo Kikuu kingechukua wanafunzi kutoka asilimia 12.5 ya wahitimu bora wa sekondari, na kingefanya utafiti na kutoa shahada za uzamivu. Vyuo vya jimbo vingechukua kutoka theluthi moja ya juu. Vyuo vya miaka miwili vingempokea yeyote mwenye uwezo wa kunufaika, kisha wanaofaulu humo wangeweza kuhamia ngazi ya juu. Wakazi wa jimbo hawangetozwa karo. Kampasi mpya zilifunguliwa Irvine na Santa Cruz mwaka 1965, na San Diego ikapokea wanafunzi wake wa shahada ya kwanza mwaka 1964.

Sisi wa taaluma za Kiswahili tu miongoni mwa walionufaika na enzi hiyo. Mwaka 1958 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kugharimia ufundishaji wa lugha za kigeni, zikiwemo za Kiafrika. Na mwaka 1959 kampasi ya Los Angeles ilianzisha kituo cha taaluma za Afrika kikiongozwa na James S. Coleman.

Hata hivyo, Kerr aliiona gharama ya ukuu huo. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1963, alieleza kwamba chuo kikuu kimekuwa taasisi ya wingi badala ya umoja: jumuiya nyingi zilizo chini ya jina moja. Fedha za utafiti, alisema, zinamvuta profesa kutoka darasani, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza ndiye anayepungukiwa. Alitabiri kwamba wanafunzi hao wataasi.

4.0 Chuo kinadai haki yake

Uasi ulifika mwaka uliofuata. Septemba 1964 uongozi wa Berkeley ulipiga marufuku meza za harakati za kisiasa kwenye lango la kampasi. Baadhi ya wanafunzi, kama vile Mario Savio, walikuwa wametoka Mississippi kupigania haki za Wamarekani Weusi. Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata Jack Weinberg. Wanafunzi wakalizingira gari la polisi kwa takriban saa 32. Kerr alisuluhisha, lakini makubaliano hayakudumu. Desemba, baada ya wanafunzi kulikalia jengo la utawala, watu wapatao 800 walikamatwa. Tarehe 8 Desemba wahadhiri waliunga mkono madai ya wanafunzi kwa kura 824 dhidi ya 115.

Mpatanishi akawa hana upande. Kwa wanafunzi, alikuwa meneja wa kiwanda cha elimu. Kwa wahafidhina, alikuwa mlegevu. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2002 zilionyesha kwamba FBI ya J. Edgar Hoover ilikuwa imemhujumu kwa siri. Ronald Reagan alichaguliwa gavana mwaka 1966 akiahidi kuisafisha Berkeley, na tarehe 20 Januari 1967 Baraza la Wadhamini lilimwachisha Kerr kazi. Yeye alitania kwamba aliondoka kama alivyoingia, akitumia neno moja la Kiingereza lenye maana mbili: kufukuzwa kazi na kuwaka shauku.

5.0 Hitimisho

Kerr aliendelea kuongoza tume ya Carnegie ya elimu ya juu hadi 1973, na alifariki mwaka 2003. Ingekuwa dhuluma kumkumbuka kwa anguko lake pekee, kwani milango aliyoifungua ilipitiwa na vijana wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kusoma chuoni. Lakini historia yake inatuonya kwamba kuujua ugonjwa si kuutibu. Alijua mwaka 1963 kwamba mwanafunzi amesahauliwa. Alipokuja kudai, alikutana na marufuku kabla ya kukutana na mwalimu.

Nasi tunaopanua udahili na kujenga kumbi kubwa, hatuna budi kujiuliza: katika chuo kikuu chetu, chuo kimebaki wapi?