Mwiko mkononi mwa nani? Historia ya nyumba za likizo Pwani

Mwambie mtu wa Kongowea kwamba unatafuta hoteli, naye atakuuliza unataka kula nini. Atakuelekeza kwenye banda la mabati lenye chapati, maharagwe ya nazi na chai ya maziwa, na juu ya mlango pameandikwa HOTELI kwa rangi nyekundu. Ukimfafanulia kuwa shida yako ni kitanda, hapo ndipo atakutajia gesti, au lojing'i kama ni mtu wa makamo. Waingereza walituletea neno la pahali pa kulala, sisi tukalipeleka moja kwa moja jikoni.

Nalikumbuka neno hilo kila Disemba, familia za Nakuru, Machakos na Eldoret zinapoteremka Pwani na viazi kwenye buti la gari. Wengi wao siku hizi hawataki hoteli, yaani ile ya kulala. Wanataka nyumba: vyumba vitatu Mtwapa, Nyali au Diani, friji, jiko la gesi na ufunguo wao wenyewe. Hesabu yao si ngumu. Hoteli hutoza kwa kichwa, na mtoto naye ana kichwa. Nyumba hutoza kwa paa. Wakiwa kumi chini ya paa moja, na nyanya akiwa hali chochote ambacho hakukiona kikipikwa, mjadala umekwisha.

Watu husema mtindo huu umeletwa na simu. Mimi nauona mkongwe kuliko hoteli yoyote ya mwambao huu. Kilichobadilika kila zama ni jiko lilipowekwa, na mkono ulioshika mwiko.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi ambayo hakuiacha bila kuisimulia. Merikebu ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Mtu aliyemlalia bei mgeni, au aliyemuuzia kitu mwenyeji akiwa hayupo, biashara yake ilihesabiwa batili. Ni mzoefu tu, aliyekwisha kujulikana mjini, aliyeweza kujitafutia pa kukaa. Sahani ile basi haikuwa ukarimu mtupu. Ilikuwa kamisheni iliyofunikwa kawa.

Muda wa kukaa ulipangwa na pepo. Majahazi ya Ghuba, Hadhramaut na Bara Hindi yalikuja na kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakangoja kusi ishike, mwezi wa Aprili hivi, ndipo yarudi. Miezi mitatu minne si muda wa kula kwa watu. Mabaharia walipika chomboni. Wenye mali walipanga nyumba Lamu, Mombasa au Unguja, wakaweka mpishi, na baadhi wakaoa. Hadi leo mwanamume akioa tunasema amepata jiko, na sidhani msemo huo ulianguka kutoka mawinguni.

Jiko lenyewe lilikuwa juu. Katika nyumba nyingi za mawe za Lamu wanawake walipika kwenye orofa ya mwisho, chini ya makuti, moshi ukichukuliwa na upepo wa bahari na joto lisishuke vyumbani. Anayepanda ngazi zile nyembamba na ndoo ya maji huelewa mara moja kwamba aliyezichora hakuwa mpishi. Lakini harufu ya nazi ilikwenda mjini bila kizuizi, na jirani alijua nani ana wageni.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Abiria waliteremka Voi kula kwenye nyumba ya wasafiri ya mtindo uliotoka India, na malalamiko yao kuhusu nyama ya pale yalisafiri mbali kuliko reli yenyewe. Mbali na reli, serikali ya kikoloni ilitegemea resti hausi: kuta, paa, pengine kitanda na meza. Ofisa alikuja na kila kitu chake, kuanzia chandarua hadi unga, na nyuma yake mpishi na mtoto wa jikoni aliyebeba masufuria. Hii ndiyo mbegu ya koteji za Pwani. Nyumba ilikuwa tupu, na mgeni alikuja na watu wa kumpikia.

Walowezi wa nyanda za juu waliichukua mbegu hiyo wakaipanda ufukweni. Madaktari wao waliamini kwamba kukaa muda mrefu kwenye mwinuko, karibu na ikweta, huchosha neva za Mzungu, wakawashauri washuke bahari mara kwa mara. Sijawahi kusikia daktari aliyewashauri vivyo hivyo watu waliowalimia mashamba. Basi wakashuka. Malindi ilipata hoteli zake za kwanza za ufukweni miaka ya 1930. Daraja lililoelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na feri ya Likoni inahesabu historia yake tangu 1937. Kuvuka maji kulipokuwa rahisi, ufuo wa kaskazini na wa kusini ulianza kuota vibanda vya likizo vya boriti, mawe ya matumbawe na makuti. Hoteli ya Nyali Beach ilikuja baadaye, mwaka 1946.

Kwa nini mlowezi aliyeweza kulipia hoteli ajenge kibanda? Kwa sababu hakuwa akijipikia. Alipakia kwenye treni mablanketi, jamu na mpishi wake, na kwa mshahara aliokuwa akimlipa mpishi huyo, hoteli ilikuwa ghali bila sababu. Ukipata nafasi ya kuingia koteji kongwe ya enzi hiyo, pita sebuleni, pita veranda pana inayoitazama bahari, kisha nenda nyuma. Jiko utalikuta limejitenga na nyumba, dogo, lenye dirisha la kiasi cha kupitisha sahani. Aliyelijenga hakukusudia kuingia humo hata siku moja. Bahari haionekani kutoka pale.

Wakati huohuo hoteli zilikuwa na rangi. Hadi miaka ya 1950 ilipokuwa inaelekea ukingoni, Mwafrika aliingia hoteli kubwa za Kenya kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kazi, na Mhindi mwenye fedha za kununua jengo zima alinyimwa meza. Wahindi walilijibu jambo hilo kwa njia yao. Jumuiya zao, za Kihindu na za Kiislamu, zilijenga nyumba za wasafiri zilizoitwa dharamsala na musafarkhana, ambamo aliyesafiri kwa biashara, harusi au msiba alipata godoro na jiko la dini yake. Ubaguzi ulikuwa sababu moja tu. Mla mboga asiyegusa hata yai, au anayetaka nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi, hakuwa na haja na menyu ya Mwingereza hata kama mlango ungekuwa wazi. Na Mwafrika? Karani wa reli kutoka Nyanza aliyepangiwa kazi Mombasa ndiye aliyekuwa hoteli ya ukoo. Shemeji alikuja "wiki moja" kutafuta kazi, akalala sakafuni, akala ugali wa mwenyeji wake. Likizo ya ufukweni haikuwamo katika msamiati.

Baada ya uhuru ndege za kukodi zilianza kumwaga Wajerumani, Waitaliano na Waingereza ufukweni, na hoteli zikaota Diani na Bamburi kama uyoga. Lakini Tiwi, hatua chache kaskazini mwa Diani, ilibaki na koteji zake. Barabara ya kuteremkia ilikuwa ya vumbi katikati ya vichaka, na hilo liliikinga kuliko sheria yoyote. Waliokaa huko ni Wazungu wa Nairobi, walimu wa kujitolea, wamishonari waliopumzika, na taratibu familia za Kiafrika zenye mshahara wa serikali na gari la kukopa. Upande wa kaskazini, Kanamai, kituo cha baraza la makanisa kiliwapa Wakristo wa bara vitanda vya bei nafuu na koteji za kujipikia, na kwa watu wengi wa rika langu safari ya kwanza ya bahari ilikuwa ya kikundi cha vijana cha kanisa, na sufuria ya wali iliyoungua chini.

Soko la Tiwi lilikuwa na magurudumu. Asubuhi ulisikia kengele ya baiskeli, kisha sauti nje ya uzio.

"Hodi mama! Changu wa leo, kolekole, pweza yupo."

"Pweza wa lini, kaka?"

"Usiku huu huu, mama. Mguse."

Nyuma yake alikuja wa maembe na ndimu, na baadaye wa madafu. Mgeni wa hoteli kubwa alikula samaki huyohuyo saa saba mchana, akiwa amepitia mikono minne na kupewa jina la Kifaransa.

Koteji nyingi zilikuwa na mtu wake pia, mara nyingi Mdigo wa kijiji cha jirani aliyejifunza kazi kwa walowezi. Alijua kuoka mkate katika debe lililozungushiwa makaa, na alijua samaki wa kupaka. Tangazo lilisema nyumba ya kujipikia. Mgeni alinunua chakula, mzee akapika, na wa kujipikia hakuonekana. Nimesoma jinsi Wafaransa walivyoanzisha shirika lao la nyumba za mashambani, Gîtes de France, mwaka 1955, ili mkulima apate kipato na familia ya mjini ipate likizo ya bei nafuu. Huko mgeni hushika mwiko mwenyewe, na kuosha masufuria ni sehemu ya mkataba. Kwetu mwiko ulikuja na mwenyewe.

Mbugani ilikuwa hivyohivyo. Tsavo ilitangazwa hifadhi mwaka 1948, na kabla loji za kifahari hazijazoeleka palikuwa na mabanda kama yale ya Ngulia na Kitani, ambako mgeni alifika na chakula chake. Shirika la wanyamapori, KWS, bado linakodisha mabanda yenye jiko katika hifadhi kadhaa. Ni mahali pazuri pa kujua kama kweli unajua kupika, kwa maana nyani wanasubiri kosa lako la kwanza.

Lamu ilipitia njia yake. Vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu waliingia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kujaa miaka ya 1970, wakalala juu ya mapaa ya nyumba za watu kwa shilingi chache. Peponi, hoteli ya Shela, ilifunguliwa mwaka 1967, lakini vijana hawa hawakuwa na fedha za hoteli. Baadaye walikuja wenye fedha, na hao nao hawakuitaka. Walinunua magofu ya Shela, wakayakarabati, na walipokuwa kwao wakayakodisha kwa wiki pamoja na mpishi na mtunza nyumba. Mji ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, bei zilikuwa zimeshapanda. Na paa lile la makuti, mahali pa moshi na ndoo za maji, ndilo wageni walilolipenda kuliko chumba chochote. Hapo huwekwa mito na taa za mafuta, mpishi akipanda na sinia.

Hoteli za Pwani zilijifunza kwa uchungu kwamba Mkenya naye ni mtalii. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, bomu la Kikambala la Novemba 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007: kila mara Wazungu walitoweka, na ghafla mabango ya "bei ya wenyeji" yakatundikwa. Wageni waliporudi, mabango yalishushwa. Watu waliliona hilo, wakakumbuka.

Kwa hiyo simu ilipokuja ilikuta shamba limelimwa. Mwaka 1995 mwenye nyumba mmoja wa Colorado alianzisha tovuti ya kutangaza nyumba za likizo, VRBO. Mwaka 2008 vijana watatu wa San Francisco wakaanzisha Airbnb, baada ya wawili wao kukodisha magodoro ya hewa sebuleni mwao. Kenya jina hilo limekuwa nomino ya kawaida, kiasi kwamba mtu husema amechukua Airbnb hata kama aliipata kwa binamu ya mlinzi. Treni ya Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, Nairobi hadi Mombasa kwa saa tano au sita hivi, wapangaji wa siku mbili tatu waliongezeka. Korona ya 2020 ikawafanya wengi waone ukumbi wa chakula wa hoteli kama mahali pa kuambukizwa. Ufunguo wa mtu mwenyewe ulikuja na giza lake pia. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, serikali ilianza kuwabana wenye nyumba wajisajili na kuwatambua wageni wao.

Jiko nalo limehama tena. Katika fleti mpya za Nyali na Mtwapa halipo juu ya paa wala nyuma ya nyumba. Liko sebuleni, limetenganishwa na kochi kwa kaunta tu, kama katika picha za magazeti ya Ulaya. Mpishi bado yupo: mwenye nyumba humtaja kwenye tangazo kwa malipo ya siku, na kwa kawaida siku hizi ni mwanamke. Sasa anapika mbele ya macho ya watu kumi wanaotazama televisheni.

Disemba iliyopita nilialikwa katika fleti ya namna hiyo na jamaa wa Nyeri. Dada wa kupika alifika saa moja asubuhi akiwa na nazi mbili na mbuzi yake ya kukunia. Alimkuta nyanya wa familia amekwisha kuliteka jiko, mwiko mkononi, akiponda mukimo.

"Shikamoo bibi," alisema. "Wewe kapumzike, hii ndiyo kazi yangu."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimepumzika tangu Voi."

Wakasimama pale kidogo, mmoja na mwiko, mwingine na nazi. Kisha nyanya akasogea upande, si sana, kiasi cha mtu mmoja kupita.