Dawa za Kuulia Wadudu na Ubongo wa Samaki wa Maji Baridi

Dawa za kuulia wadudu zinyunyizwazo mashambani, hususan zile za jamii ya oganofosfati kama diazinoni, zikisombwa na mvua hadi mitoni na maziwani humdhuru samaki pale pale zilipokusudiwa kumdhuru mdudu, yaani katika mfumo wa fahamu. Kwani viumbe hawa wawili, ijapokuwa wametengana mno kwa umbile, wote hutumia asetilikolini kuwa mjumbe wa kupeleka habari baina ya neva. Mjumbe akishafikisha habari yapasa aondolewe mara, na kazi hiyo ni ya kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho oganofosfati hukifunga kisifanye kazi, habari zikakosa ukomo. Sato aliyepatwa na sumu nyingi huzunguka ovyo, hulala ubavu, hupanda juu kutwetea hewa, kisha hufa.

Walakini mizoga ielayo si kipimo cha kutosha cha madhara haya. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba samoni wachanga wa aina ya chinook, walipotiwa katika maji yenye mikrogramu 1 tu ya diazinoni kwa lita, hawakushtuka tena kwa harufu itokayo katika ngozi ya mwenzao aliyejeruhiwa, harufu ambayo kwa desturi huwafanya watulie na kuacha kula ili adui asiwaone. Samaki wa namna hii hahesabiwi miongoni mwa wafu, ilhali amekwisha kuwa riziki ya adui.

Ndiyo maana wachunguzi huuendea ubongo wenyewe: husagwa, ukatiwa kemikali kwa njia iliyoelezwa na George Ellman na wenzake mwaka 1961, na kazi ya kimeng'enya ikaonekana kwa rangi ya manjano itokeayo, upesi kwa ubongo wenye afya, polepole kwa ulioingiwa na sumu. Aghalabu kimeng'enya kilichofungwa hakifunguki tena. Samaki hana budi kuunda kingine kwa majuma kadhaa, na huenda unyunyizaji wa pili ukamkuta hajapona.

Dawa za jamii nyingine hudhuru kwa njia tofauti. Pairethroidi, kama deltamethrini, huziacha wazi njia za sodiamu katika neva, na samaki ni dhaifu mno katika kuzivunja dawa hizo mwilini. Endosulfani nayo humzuia mjumbe wa kuutuliza ubongo, samaki akaingia degedege. Sumu za mashambani zimewahi pia kutumiwa kuvulia samaki, na khofu ya uvuvi huo katika Ziwa Victoria ndiyo iliyoufanya Umoja wa Ulaya usimamishe mwaka 1999 ununuzi wa samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania watokao humo, zuio lililokusudiwa kumlinda mlaji wa minofu, wala halikuhusu hali ya samaki waliosalia ziwani.