Elimu na Ikama: Uuguzi katika Arua na Koboko

Historia ya uuguzi katika Nile Magharibi, pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ni historia ya wagonjwa waliohitaji huduma kabla ya chuo kumaliza kumwandaa mhudumu. Enzi ya ukoloni walikuwapo madresa, yaani wasaidizi waliojifunza kazini kufunga vidonda na kugawa dawa, na ingawa ndugu wawili, Ted na Peter Williams, walianzisha hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, ambayo baadaye ilipata chuo chake cha uuguzi, kazi ya vijijini iliendelea kuwategemea wasaidizi.

Vita vya 1979 na 1980 viliwakimbiza watu wengi hadi Zaire (Kongo ya leo) na Sudan, na waliporejea walikabiliwa na malale. Vimelea vilipofika kwenye ubongo, tiba ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyochomwa kwenye mshipa na iliyoweza kuua takribani mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Kwa hiyo katika kituo cha afya cha Omugo, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walitibu malale miaka ya 1990, muuguzi alipaswa kutambua mapema degedege au kuchanganyikiwa kunakotokana na sumu ya dawa yenyewe. Kazi hiyo haikufaa kuachiwa mtu aliyefunzwa kuchoma sindano tu.

Uganda ilijaribu pia kumwandaa muuguzi wa fani zote, aliyesomea uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, na chuo cha serikali cha Arua kikafuata mtaala huo. Lilikuwa wazo la busara kwa mahali pa vijijini kama Koboko, ambako mhudumu mmoja hulazimika kufanya kazi nyingi, ingawa umahiri wa wahitimu hao katika ukunga ulitiliwa shaka na mpango ukaachwa.

Leo cheti huchukua miaka miwili na nusu, stashahada mitatu, na shahada, inayotolewa hata na Chuo Kikuu cha Muni cha Arua, minne. Lakini ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, haikupanda pamoja na elimu: kwa miaka mingi kituo cha afya cha ngazi ya pili kilipewa nafasi 9, zikiwamo moja ya muuguzi na moja ya mkunga, wote wa cheti, na cha ngazi ya tatu nafasi 19, lakini ya muuguzi wa stashahada ikiwa moja tu. Kwa hiyo, wakati wakimbizi wa makazi ya Lobule na Rhino Camp walipoongeza foleni, muuguzi wa kijijini Koboko aliyejiendeleza hadi shahada alilazimika kuhamia hospitali ya mjini ili elimu yake itambuliwe katika mshahara.